Ukungu ndani ya nyumba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Masika yakikolea, kati ya Machi na Mei, maswali ni yale yale: ukuta wa chumbani umeota madoadoa meusi, viatu vya kabatini vimevaa vumbi la kijani, dari ya bafu imegeuka ngozi ya chui. Wengi huanza kwa kuuliza dawa gani ipulizwe. Hapa tunaanza na maji, maana ukungu bila maji hauna ujanja. Majibu yameandikwa hasa kwa nyumba za mwambao, toka Mombasa hadi Mtwara na visiwani, ila wa Nairobi, Arusha na walioko ughaibuni nao wana yao humu.

Nitajuaje kama ni ukungu kweli, si uchafu wala chumvi?

Pua hutangulia macho. Chumba chenye ukungu kinanuka uvundo wa nguo iliyosahaulika ndooni, na harufu huwa kali zaidi asubuhi, nyumba ikiwa imelala madirisha yamefungwa. Kwa macho, ukungu huanza na vidoadoa vya duara vinavyotanuka hadi vikutane.

Ukiwa na shaka, chovya kijiti cha pamba kwenye jiki iliyochanganywa na maji, gusa doa, subiri dakika moja au mbili. Likififia, yaelekea ni ukungu. Likibaki vile vile, ni uchafu au masizi ya jiko. Chumvi ina tabia yake: ni nyeupe, hutokea zaidi sehemu ya chini ya ukuta, huifurisha rangi mpaka ibanduke vipande vipande, na ukiinyunyizia maji inayeyuka na kupotea. Ukungu hauyeyuki. Lakini ukigundua ni chumvi usishangilie. Imeletwa na maji yanayopanda toka ardhini, na ukungu hauko mbali.

Ni kweli ule mweusi ndio wenye sumu kuliko mwingine?

Rangi haisemi kitu. Aina nyingi zinazoota kwenye kuta zetu, kama Cladosporium na Aspergillus, zinaweza kuwa nyeusi, kijani au kahawia kutegemea umri wake na kile zinachokula. Ule uliojengewa sifa ya kutisha mitandaoni, Stachybotrys chartarum, huhitaji karatasi au mbao iliyolowa kwa muda mrefu, mfano dari ya jipsamu iliyovujiwa msimu mzima. Na hata ukiwa ndio, kazi ya kufanya ni ile ile: zuia maji, ondoa ukungu, kausha. Kulipia maabara ikutajie jina la ukungu ni kutupa hela ambayo ingetosha kununua mabati mawili ya kuzibia paa.

Nyumba yangu ni safi, nadeki kila siku. Ukungu umetoka wapi?

Umekuwepo siku zote. Mbegu zake ndogo zisizoonekana kwa macho zinaelea hewani, nje na ndani, na huingia kwa mlango, dirisha na nguo zako. Chakula nacho hakikosekani: vumbi, karatasi iliyo juu ya jipsamu, gundi, mbao, hata mafuta ya mwili yaliyobaki ukutani nyuma ya kitanda. Joto letu linaupendeza mwaka mzima. Kitu pekee unachoweza kuunyima ni maji.

Hata huko kudeki kila siku kunaweza kuwa sehemu ya tatizo, hasa ukideki jioni kwa maji mengi kisha ukafunga nyumba.

Maji yenyewe yanatokea wapi? Paa langu halivuji.

Hili ndilo swali la msingi, tulikalie kidogo. Maji huingia kwa njia tatu: yanavuja, yanapanda toka chini, au yamo hewani. Mahali ukungu ulipoota ndipo panapokuambia ni njia ipi.

Ukianzia darini au juu ya ukuta na kushuka, tazama paa. Misumari ya bati iliyolegea, mahali mabati yanapokutana kwenye kona ya paa, gata lililojaa majani ya mwembe hadi maji yanarudi nyuma na kuingia kwenye mkanda wa ukuta. Doa la kuvuja mara nyingi lina ukingo wa rangi ya chai.

Ukianzia chini na kupanda, usizidi mita moja hivi, hayo ni maji ya ardhini. Msingi haukuwekewa nailoni nzito ya kuzuia unyevu, ile mafundi huiita DPC, au imewekwa kisha udongo wa bustani ukarundikwa juu yake. Nyumba nyingi zina DPC nzuri kabisa iliyofukiwa na mwenye nyumba mwenyewe alipokuwa akipendezesha maua yake.

Ukiwa katikati ya ukuta, doa moja lenye umbo la ajabu, hasa ukuta unaopakana na bafu au jiko, shuku bomba. Funga koki zote za nyumba, hakikisha tangi la choo limejaa, kisha kaangalie mita ya maji. Kigurudumu kidogo kikiendelea kuzunguka, bomba lako linanywesha ukuta.

Ukiwa kwenye kona, nyuma ya kabati, ndani ya mashubaka, nyuma ya pazia zito, hapo ni hewa. Maji hayo ni yenu wenyewe: pumzi za usiku, mvuke wa bafu, nguo zilizoanikwa sebuleni kwa sababu nje kunanyesha, na sufuria ya maharage. Jiko la gesi ndilo wengi hawalifikirii. Kilo 1 ya gesi ikiungua hutoa mvuke unaofikia lita 1 na nusu ya maji, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 ukiisha umeshamwaga lita 9 hivi hewani, bado hujahesabu mvuke wa chakula chenyewe.

Ukishindwa kuamua kati ya ukuta na hewa, kata kipande cha nailoni safi cha kama nusu mita kila upande, kibandike ukutani kwa gundi ya mkanda pande zote nne kisiingie hewa, ukiache siku moja au mbili. Jasho likiwa upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani. Likiwa upande wa nje unaotazama chumba, yanatoka hewani. Jaribio hili halina gharama, na limewaokoa watu wengi kubomoa lipu isiyo na kosa.

Chumba chenye kiyoyozi ndicho kimeota ukungu. Si kiyoyozi hukausha hewa?

Hukausha, kikiachwa kifanye kazi yake na chumba kikiwa kimefungwa vizuri. Shida ni hii: hewa ya pwani yenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 huanza kutoa umande ikigusa kitu chenye nyuzi 26 hivi. Wewe umeweka 18. Ukuta, kioo, kabati, vyote vimepoa. Mlango ukifunguliwa kila mara, au dirisha likiwa na mwanya, ile hewa ya nje inaingia na kuacha maji yake kwenye kila kilicho baridi. Ndiyo maana wakati mwingine ukungu huota upande wa pili wa ukuta, kwenye korido isiyo na kiyoyozi, na mwenye nyumba akabaki akitafuta bomba lililopasuka ambalo halipo.

Weka 25 au 26. Ziba mianya. Kila baada ya wiki chache osha vichujio, na kagua mpira wa kutolea maji. Mpira huo ukiziba, maji hurudi na kushuka ukutani nyuma ya mashine. Na usinunue kiyoyozi kikubwa kuliko chumba. Kinapoza haraka, kinajizima kabla hakijavuta unyevu wa kutosha, nawe unabaki na chumba cha baridi kilicholowa.

Wakati wa mvua nifungue madirisha au nifunge?

Fungua mvua inapokatika na upepo unapovuma, hata kama ni saa moja tu, na fungua pande mbili ili hewa ipite. Dirisha moja peke yake halivushi hewa. Mvua ikiwa inapiga, funga upande unaopigwa tu. Pangaboi liwashwe hata chumba kikiwa hakina mtu. Halipunguzi unyevu uliomo hewani lakini linakausha kuta.

Halafu tazama yale matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha katika nyumba za zamani. Watu wameyaziba kwa matambara, maboksi, hata saruji, kwa hofu ya mbu. Yazibue, uweke wavu. Na nyavu za madirishani zioshwe: zikijaa vumbi hazipitishi hewa.

Kama unaweza kupata kipimo kidogo cha unyevu wa hewa, nunua. Ndani ya nyumba lengo ni chini ya asilimia 60. Aprili pale Tanga hutaifikia bila mashine, hilo tukubaliane, lakini kipimo kitakuonyesha chumba kipi kina hali mbaya zaidi na kama ulichofanya kimesaidia.

Una madhara gani kiafya? Mtoto wangu anakohoa.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu majumbani. Wanaoishi kwenye nyumba za namna hiyo huugua zaidi dalili za kifua, mzio na pumu. Mwongozo huo haukuweka kiwango cha mbegu ambacho chini yake ni salama. Ulisema unyevu wenyewe uzuiwe na ukungu uondolewe. Dalili za kawaida ni mafua yasiyoisha, macho kuwasha, kupiga chafya, kikohozi cha usiku, kifua kubana. Dalili zikipungua mkisafiri na kurudi mkirudi nyumbani, mwambie daktari hivyo hivyo. Ni taarifa muhimu kuliko picha ya ukuta.

Wanaotakiwa kuangaliwa zaidi ni watoto wachanga, wazee, wenye pumu, na wale ambao kinga yao imeshuka: anayetibiwa saratani, aliyepandikizwa figo, anayeishi na VVU ambaye dawa bado hazijamkaa sawa. Aliyewahi kuugua kifua kikuu pia, kwa kuwa mapafu yaliyobaki na mashimo yanaweza kukaliwa na Aspergillus. Hawa wasishiriki kusafisha ukungu hata kidogo.

Onyo moja. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, na hasa kikiwa na homa za jioni, jasho la usiku au kukonda, kapime kifua kikuu. Usikae unausingizia ukuta.

Huu ndio sumukuvu unaosemwa kwenye mahindi?

Sivyo. Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka na karanga zilizohifadhiwa zikiwa mbichi, na mtu hudhurika kwa kula. Ndiyo iliyoua watu 125 Kenya mwaka 2004, na ikazuka Dodoma na Manyara mwaka 2016. Ukungu wa ukutani hudhuru zaidi kwa kuvutwa puani. Lakini zinakutana mahali pamoja: ukihifadhi gunia la mahindi sakafuni, limeegemea ukuta wenye unyevu, umeziunganisha mwenyewe. Gunia likae juu ya vichanja, mbali na ukuta.

Sawa, nasafishaje?

Kwanza pima ukubwa. Eneo lisilozidi mita moja ya mraba unaliweza mwenyewe. Likizidi sana, au likiwa limetokana na maji ya choo, au limo ndani ya dari, tafuta fundi mwenye vifaa, na umuulize atafanya nini kuhusu maji kabla hujamuuliza bei.

Vaa barakoa inayobana usoni, aina ya N95 kama ipo. Kitambaa cha kawaida hakizuii mbegu. Glavu za mpira, miwani, nguo ambayo utaifua mara moja. Toa watoto. Fungua dirisha la chumba hicho, funga mlango wa kuelekea vyumba vingine, zima feni. Kuzima feni watu husahau, na feni inayozunguka ndiyo husambaza mbegu nyumba nzima.

Usisugue ukungu ukiwa mkavu. Unyunyizie kwanza maji yenye sabuni mpaka ulowe, usubiri kidogo, ndipo ufute kwa sponji kuanzia pembeni kuelekea katikati ya doa. Suuza sponji kwenye ndoo ya pili, si ile yenye sabuni, na ubadilishe maji yakichafuka. Sehemu ngumu kama vigae, kioo, chuma na plastiki zinakubali brashi. Lipu iliyopakwa rangi inataka mkono mwepesi, vinginevyo utabandua rangi na kuupa ukungu pa kushika.

Ukimaliza, futa kwa maji safi, kausha kwa kitambaa, ndipo uwashe feni ielekee dirishani itoe unyevu nje. Sponji na matambara tia kwenye mfuko, funga, tupa. Ukuta ukae angalau siku mbili mkavu kabisa kabla hujafikiria rangi.

Vitu laini vina hukumu tofauti. Dari ya jipsamu au singibodi iliyoota ukungu haisafishiki. Mizizi imeshaingia kwenye karatasi yake. Kata, toa, weka mpya baada ya kuziba paa. Silikoni nyeusi kandokando ya sinki vilevile: ichune kwa wembe, kausha, upake mpya.

Jiki, siki au magadi? Kila mtu ana lake.

Maji ya sabuni ndiyo yanayofanya sehemu kubwa ya kazi, kwa sababu lengo ni kuuondoa ukungu wenyewe, uliokufa na ulio hai. Uliokufa nao huwasha pua.

Jiki inafaa kwenye vigae na sehemu zisizonywa maji, baada ya sabuni: kikombe kimoja kwenye lita 4 za maji, si zaidi. Kwenye lipu na mbao hung'arisha juu tu. Doa linapauka, wewe unafurahi, na maji yaliyomo kwenye jiki yanazama ndani kuunywesha ukungu uliobaki. Siki nyeupe inasaidia madoa madogo, ila isiguse marumaru wala ukuta wa chokaa, itaula. Magadi soda hayana madhara makubwa wala maajabu.

Usichanganye jiki na siki, wala na dawa ya choo, wala na chochote chenye amonia. Inatoka gesi inayochoma mapafu, na bafu dogo lililofungwa si mahali pa kujifunzia hilo.

Fundi rangi anasema kuna rangi ya kuzuia ukungu, atapaka juu yake tu.

Rangi hizo zipo na zina kazi yake, bafuni na jikoni hasa, kwenye ukuta uliosafishwa na uliokauka. Zikipakwa juu ya ukungu hai, au juu ya ukuta unaopitisha maji, zitafura na kubanduka kabla ya vuli kufika. Rangi nzito ya mafuta kwenye ukuta unaopandisha maji ni mbaya zaidi: inayazuia maji kutokea hapo, nayo yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Mwaka huu doa lilikuwa usawa wa soketi, mwakani liko dirishani.

Nyumba mpya nayo ipewe muda. Lipu ya saruji inahitaji wiki 4 hivi kabla ya rangi, na zaidi kama ni msimu wa mvua. Najua harusi au Idi inakaribia na mwenye nyumba ana haraka, lakini maji yaliyochanganyiwa saruji lazima yatoke.

Nguo, viatu, vitabu na godoro je?

Nguo zinazofulika zifue kwa maji ya moto na sabuni, zianikwe juani mpaka zikauke kweli. Suti na kanzu nzito peleka kwa dobi umweleze. Viatu na mikoba ya ngozi: futia nje ya nyumba kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, ukaushe kivulini penye upepo, kisha upake rangi ya viatu, jua kali hupasua ngozi. Vitabu vikaushe vikiwa vimesimama, kurasa zimeachana, halafu upukutishe vumbi lake nje kwa brashi laini.

Kabati la mbao za kusagwa ndilo nyumba ya ukungu. Lisogeze sentimita 10 kutoka ukutani, usilijaze mpaka nguo zibanane, na milango iwe wazi siku za jua. Vile vikopo vya chumvichumvi vya kunyonya unyevu vinasaidia, mradi uvimwage vikijaa maji. Vidonge vya naftalini ni vya nondo, haviui ukungu.

Godoro likilazwa sakafuni huota ukungu chini, kwani jasho la mwili linashuka na kukutana na saruji ya baridi. Liinue kwenye chaga, hata zile pallet za mizigo zinatosha. Godoro la sponji lililokwisha kuota hadi ndani halina tiba.

Naishi nyumba ya mawe ya matumbawe. Fundi anataka kupiga lipu ya saruji.

Mkatalie kwa upole. Kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu, miji ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2000 na 2001, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa aina hiyo unanywa maji na kuyatoa. Chokaa inauachia upumue. Saruji inauziba. Maji yanabaki nyuma yake, chumvi ya matumbawe inajikusanya, na baada ya misimu kadhaa lipu ya saruji inaanguka kipande kizima ikiwa imebeba uso wa ukuta.

Kupaka chokaa mara kwa mara, kama walivyofanya wazee, kulikuwa kinga hasa. Chokaa mbichi ina ukali ambao ukungu hauupendi. Inachafua nguo ukiegemea, ndiyo, na inataka kurudiwa. Tafuta fundi anayejua kuloweka na kuchuja chokaa. Visiwani bado wapo.

Mafuriko yaliingia ndani. Nianze na nini?

Umeme. Uzimwe kwenye swichi kuu kabla hujakanyaga maji, na usirudishwe kabla fundi hajakagua soketi zilizolowa. Walioingiliwa na maji Nairobi au Rufiji mwaka 2024 wanakumbuka kwamba maji yale hayakuwa ya mvua tu. Yalibeba na ya vyoo.

Baada ya hapo mnashindana na saa. Ukungu huanza kushika kati ya saa 24 na 48. Toa nje kila kilicholowa, hata kama ni usiku. Magodoro, mazulia, makochi na mbao za kusagwa zilizolowa maji machafu zisirudi ndani. Kuta za tofali zioshwe kwa sabuni, kisha jiki, na ziachwe wazi. Usiwashe jiko la mkaa ndani kukaushia. Hewa ya mkaa imeua familia nzima zikiwa zimelala.

Naenda kuona nyumba ya kupanga. Nikague nini kabla sijalipa?

Ukishalipa kodi ya miezi 6 kwa mkupuo umeshafungwa, kwa hiyo macho yafanye kazi kabla ya mkono kuingia mfukoni. Dalali atapenda uione nyumba mchana wa jua kali. Wewe nenda siku iliyotoka kunyesha. Ingia na uvute pumzi kabla hajafungua madirisha. Fungua makabati ya ukutani, uingize kichwa. Tazama kona za dari, chini ya sinki, nyuma ya choo. Rangi mpya iliyopakwa nusu ya chini ya ukuta mmoja tu ina siri: ipige kwa kifundo cha kidole, ikisikika tupu lipu imeachana na tofali. Ubani mwingi uliofukizwa mchana nao uutilie shaka. Muulize jirani, maana mpangaji aliyetoka hayupo kukuambia.

Ukiukuta ukungu ukiwa umeshahamia, piga picha zenye tarehe, umwandikie mama au baba mwenye nyumba ujumbe wa maandishi badala ya kumpigia simu tu. Paa, bomba na msingi ni vyake. Hewa ya ndani, kuanika nguo na usafi ni vyako. Mkikubaliana ukatwe gharama kwenye kodi, iandikwe kabla fundi hajaja.

Najenga. Ni wapi nisibane pesa?

DPC kwenye msingi, na sakafu ya ndani iinuke angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje. Paa lichomoze vya kutosha nje ya ukuta, lisiishie usoni kwa sababu ya mtindo wa kuficha bati; zile nyumba za paa lililofichwa nyuma ya ukuta ni nzuri kwenye picha, ila mfereji wake wa ndani ukiziba mara moja tu maji yote yanaingia chumbani. Mchanga wa baharini usiokoshwa una chumvi, usiukubali hata kwa bei ya kutupa. Kila bafu liwe na dirisha la nje. Bafu la katikati ya nyumba lisilo na dirisha lihitaji feni ya kutolea mvuke, na bomba lake litoke nje kabisa, lisiishie darini.

Niko Uingereza. Ukungu wa huku mbona hauna mvua?

Kanuni ni ile ile, joto na baridi vimebadilishana nafasi. Majira ya baridi ukuta wa nje umepoa, ndani mna joto na mvuke wa ugali, nguo zinakauka juu ya radieta, na zile nafasi ndogo za hewa juu ya dirisha zimezibwa kwa tepu kuokoa gharama za kupasha nyumba. Umande unaganda nyuma ya kabati lililoegemea ukuta wa nje. Zibua nafasi hizo, washa feni ya bafu, futa madirisha asubuhi, na upashe nyumba joto la wastani kwa muda mrefu badala ya kuiunguza kwa saa moja tu jioni.

Kama nyumba ni ya kijamii, yaani ya kupanga toka halmashauri au shirika la nyumba, usikubali kuambiwa kwamba ni mapishi yenu. Mtoto Awaab Ishak wa Rochdale alifariki Desemba 2020 akiwa na miaka 2, na mwaka 2022 uchunguzi rasmi wa kifo ukasema chanzo ni kuishi kwa muda mrefu kwenye ukungu. Sheria inayobeba jina lake ilianza kutumika England Oktoba 2025: mwenye nyumba ya kijamii anatakiwa kuchunguza unyevu na ukungu wenye hatari kubwa ndani ya siku 10 za kazi, na hatari ya dharura ndani ya saa 24. Lalamika kwa maandishi, na utunze nakala.

Nimesafisha kila kitu, ukuta mweupe, lakini harufu bado ipo.

Basi kuna ukungu usiouona. Fuata pua ukiwa umefunga chumba usiku kucha: toa droo za kabati na unuse nyuma yake, inua zulia kwenye kona, panda ngazi uchungulie juu ya dari kwa tochi, ondoa kifuniko cha kiyoyozi. Mara nyingi hupatikana mahali pawili: mgongo wa kabati uliotengenezwa kwa ubao mwembamba, na upande wa juu wa dari ambako bati hutona matone alfajiri. Ubao wa kabati unabadilishwa kwa bei ndogo. Dari inataka fundi apande juu asubuhi mapema, kabla jua halijakausha ushahidi.